Chumba cha Saba Pale Kambini

Mzee Anselmi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kijicho tu. Kuna mtu ana presha, kuna mtu ana sukari, yeye alikuwa na kijicho, na dawa yake pale zahanati haipo. Ukipita mtaa wa Bigwa asubuhi, barabara ya kupandia mlimani Kinole, ungemkuta ameinama kwenye viriba vyake vya miche: mikangazi, miparachichi, midalasini. Mkono unamwagilia, jicho liko kwa jirani.

Jirani alikuwa Castory, Mpogoro wa Mahenge. Huyu alikata miwa kwenye mashamba ya sukari tangu kijana mpaka mgongo ulipogoma, akaja Bigwa na begi moja, akaanza kushona viatu barazani. Walikuwa wamepanga nyumba moja, vyumba vimepakana, ukuta mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwenzake anasema afya. Miaka kumi na tatu wanaishi hivyo. Ukiwauliza, watakwambia ni marafiki. Na kweli walikuwa marafiki.

Ila watu walimpenda Castory bure. Hicho ndicho kilichomuuma Anselmi. Mtu hajafanya kitu, amekaa tu na sindano yake anacheka na meno manne, mama wa vitumbua akipita anamwachia viwili kwenye karatasi. Watoto wa shule wanamwamkia kwa kuimba, "Shikamoo babu Castoryyy!" Wakifika kwa Anselmi wanasema "shikamoo" wakiwa wameshageuka. Yeye ndiye aliyekuwa anaamka alfajiri kumwagilia, yeye ndiye aliyekuwa haendi kilabuni, lakini kitumbua kinakwenda kule.

Ili naye aonekane mtu, Anselmi alikuwa na silaha yake moja. Shamba.

"Castory, mimi hapa nimeshuka kupumzisha magoti tu," alikuwa anasema, tena kwa sauti, wapita njia wasikie. "Nina shamba langu Tegetero. Migomba, midalasini, pilipili manga mpaka inaning'inia. Wewe una nini?"

"Nina wewe," Castory anajibu bila kuinua macho kwenye kiatu.

Watu wanacheka. Na kicheko chenyewe kinakwenda kwa Castory.

Sasa ukweli wa hilo shamba ulikuwa hivi. Kwa Waluguru wenzake ardhi inakwenda na ukoo wa mama. Mwanaume akioa akahamia kwa mke, atalima, atakula, atasifiwa kwa kulima, lakini udongo ni wa kwao mke. Hata mti wa kudumu hapandi bila ruhusa ya wajomba, maana mti kule ni kama kigingi: ukipanda umesema hapa pangu. Anselmi alilima shamba la ukoo wa mkewe, marehemu Rosa, miaka thelathini na moja, na Mungu hakuwajalia mtoto. Rosa alipofariki, wajomba walisubiri arobaini ipite, wakamwita, wakampa jogoo na mkungu wa ndizi, wakamwambia ahsante shemeji. Shamba likaenda kwa watoto wa dada yake Rosa. Kwa ukoo wa mama yake mwenyewe nako ardhi ilishagawanywa kwa wapwa, vimebaki vipande vya kufungia mbuzi. Akashuka mlima na jogoo wake kwapani. Habari hiyo hakumwambia mtu hata mmoja Bigwa. Aibu ilimkaa kooni, juu ya aibu akajenga majigambo.

Nyuma ya nyumba waliyopanga kuna kiwanja kinaitwa Kambini, kwa sababu zamani mafundi wa barabara walipiga kambi pale. Manispaa imekiandika eneo la wazi. Jioni vijana wanacheza mpira. Jumamosi akina mama wa kikoba wanakaa kwenye majani kuhesabu akiba zao. Msiba ukitokea turubai linafungwa pale, maulidi pale, harusi pale. Na mvua kubwa zikishuka kutoka mlimani, maji yanaingia Kambini kwanza, ardhi inayanywa kabla hayajaingia kwenye vitanda vya watu.

Anselmi alipofika mwaka ule wa kwanza, alichukua miche iliyodumaa, ile wateja waliyoikataa, akaenda kuichomeka pembeni mwa kiwanja. Alingoja mtu amuulize. Hakuna aliyemuuliza. Mara ya kwanza maishani mwake alipanda mti bila kupiga magoti kwa mjomba wa mtu. Akapanda mikangazi kumi na moja, mstari mmoja, upande wa barabarani, akaibebea maji kwa madumu kutoka mferejini mpaka ikashika. Siku hizi imekuwa mikubwa, kivuli chake kinalaza ng'ombe. Mtaa mzima unaiita miti ya Anselmi. Ni kitu pekee ambacho Castory hakuwa nacho.

Basi, mwaka jana mwenye nyumba akatangaza kwamba anabomoa, anataka kujenga fremu za maduka. Wapangaji wote wawe wametoka kabla ya Krismasi. Wiki hiyohiyo likaja jambo la heri: unakuja mradi wa nyumba za wazee, na kiwanja chenyewe ni Kambini.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Bi Prisca, mama wa Kihehe mwenye sauti kama filimbi ya refa. Aliita mkutano palepale chini ya mikangazi, akakunjua ramani.

"Vyumba kumi," akasema. "Kila chumba kina choo ndani na kibaraza mbele. Kodi ni ya kumudu mzee. Sharti: uwe umevuka sitini, huna nyumba, huna shamba, huna mtoto wa kukutunza. Majina kumi tayari tunayo."

Choo ndani! Pale walipopanga, choo kilikuwa kimoja cha watu kumi na tisa, na njia ya kwendea ina mawe. Magoti ya Anselmi yalisikia lile neno kabla ya masikio. Na jina lake lilikuwemo. La Castory pia lilikuwemo. Kwa mtendaji wa mtaa, mlango umefungwa, Anselmi alisema hana shamba. Nyuma ya mlango huohuo Castory alisema hana mtoto.

Erick, kepteni wa timu ya mtaa, akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, shikamoo. Mimi sipingi wazee. Ila hiyo ramani imemeza uwanja wote. Vyumba kumi vikikaa hapo, goli la upande wa mlimani linaingia jikoni kwa bibi. Sisi tutacheza wapi, barabarani na malori ya ndizi?"

Akina mama wa kikoba wakadakia. Msiba utakaa wapi? Maji ya mlimani yataingia wapi?

"Kuna njia," Bi Prisca akasema. "Tukikata hii mikangazi, vyumba vitasogea barabarani, nusu ya uwanja itabaki. Tusipoikata, tujenge saba tu."

Castory akasimama, kiatu cha mtu bado mkononi. "Jamani, wanangu. Mti nautaka, kivuli nakitaka. Lakini mzee halali juu ya mti kama kima. Kateni."

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Mama wa vitumbua akampiga Castory begani. Hata Erick alicheka, yeye aliyekuwa anapinga.

Na hapo ndipo Anselmi alipoharibikiwa. Angenyamaza, leo angekuwa na choo chake. Lakini alisikia kile kicheko kinakwenda kulekule kinakokwenda siku zote, roho ikamchoma kama amemeza pilipili kichaa nzima. Akasimama.

"Miti hii nimepanda mimi!" akasema. "Castory alikuwa wapi? Alikuwa amelala! Nimeibebea maji kwa kichwa hiki. Mwaka ule wa mafuriko, maji yaliishia wapi? Hapa. Watoto wenu wanapumzikia wapi jua la saa saba? Hapa. Leo mkate kwa sababu ya kima? Haukatwi hata mmoja!"

Kiwanja kikalipuka kwa makofi. Vijana wakapiga miluzi, akina mama wakapiga vigelegele. Erick akaja akamshika mkono: "Babu, wewe ni noma!" Miaka kumi na tatu hajawahi kupigiwa makofi Bigwa. Alimtupia Castory jicho, akamkuta ameinama anatafuta uzi. Siku ile Anselmi alilala usingizi wa bwana harusi.

Miti ikabaki. Uwanja ukabaki. Vyumba vikawa saba.

Baada ya wiki mbili Bi Prisca akaita mkutano mwingine, kusoma majina ya wale saba. Anselmi alivaa koti. Alijua watatu watachujwa, lakini yeye si ndiye mwokozi wa kiwanja? Majina yakasomwa: la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la sita, ni wajane na wagonjwa ambao hakuna aliyebisha. La saba, Castory.

"Wanaosubiri," Bi Prisca akaendelea, "ni Mzee Paulo, ana mwanawe Dakawa analima mpunga. Bibi Semeni, anakaa kwa mjukuu wake Shadia. Na Mzee Anselmi, ana shamba Tegetero."

Koti lilimbana ghafla. Akamwangalia Castory. Castory alikuwa anapongezwa, amefunika uso kwa mikono miwili, analia kweli, na watu wanamfariji. Yaani hata machozi yake yalikuwa yanapendwa.

Sasa kuna siri moja alikuwa nayo Anselmi. Mwaka mmoja Castory aliugua malaria kali, na usiku wa homa ile alimwambia rafiki yake: nina binti Gairo, anaitwa Joyce, ananunua karanga kwa wakulima na kuzileta sokoni, ana nyumba ya vyumba vinne, kila mwaka ananiita. Siendi. Ni nyumba ya mkwe. Kwetu ni mwiko baba mkwe kwenda kulala chini ya paa la mkwe, kusikia wanavyogombana chumbani, bora nife hapa. Usimwambie mtu, Anselmi. Na Anselmi hakumwambia mtu, miaka saba.

Akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti. Castory ana mtoto."

Ukasikia mpira wa watoto unadunda kule golini.

"Ana binti Gairo. Joyce. Nyumba ya vyumba vinne. Anamwita kila mwaka. Mwulizeni."

Castory akashusha mikono. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ni kweli," akasema. "Ninaye." Halafu akamwangalia Anselmi kama mtu anayeangalia kiatu alichokishona mwenyewe kimefumuka.

Watu wakaguna. Bi Prisca akalikata jina, kalamu ikasikika. "Chumba cha saba kiko wazi," akasema.

"Mimi hapa," Anselmi akasema, bado amesimama.

"Wewe una shamba, Mzee wangu."

"Sina."

Mtaa mzima ukacheka. Safari hii kicheko kilikuwa chake peke yake.

"Babu, acha hizo," Erick akasema. "Pilipili manga inayoning'inia? Tangu nipo darasa la pili naisikia."

"Kwa mtendaji umesema huna," Bi Prisca akasema taratibu, "kwa mtaa umesema unalo, miaka kumi na tatu. Tumwamini Anselmi yupi?"

Ikabidi atapike ukweli pale, mbele ya watu, kwa maneno ya kukwama: shamba la mke, ukoo wa mke, Rosa amefariki, wajomba, jogoo. Lakini waliokaa pale walikuwa Wahehe, Wangoni, Wagogo, Wachaga, watu wa kuja mjini. Kwao mtu akilima shamba miaka thelathini na moja, ni lake. Wakaona mzee anatunga.

"Muulizeni Mluguru yeyote!" akasema, sauti imepasuka. Akageuka kumtafuta Bibi Semeni, aliyekaa kwenye mkeka na ushanga wake wa tasbihi. Semeni alikuwa Mluguru wa Kinole, mila ni ileile moja. "Dada Semeni! Waambie! Mke akifa, mume anabaki na nini?"

Bibi Semeni akavuta mtandio, akatazama mlimani kama anatafuta jibu kule. "Kaka yangu, mimi wa Kinole. Mambo ya Tegetero nitayajulia wapi?"

Basi. Ikawa imekwisha. Mzee Paulo ana mtoto, Anselmi ana shamba. Shadia anaolewa mwezi ujao, anahamia Kilosa, bibi anabaki bila pa kulala. Chumba cha saba akapewa Semeni.

Jumapili yake Joyce akaja kutoka Gairo na pikapu ya kukodi. Mwanamke mnene, mcheshi, meno kama ya baba yake yalivyokuwa zamani. Akapakia godoro, akapakia sanduku la misumari na gundi, huku anamgombeza: "Baba, miaka yote hiyo unaniaibisha, watu wanajua sina adabu!" Mama wa vitumbua alileta mfuko mzima.

Anselmi alitoka chumbani, akasimama mlangoni. "Castory. Safari njema."

"Ukuta wangu umetoboka chini ya dirisha," Castory akamjibu. "Panya watahamia kwako. Ziba."

Joyce akamshika baba yake mkono kumpandisha mbele, akamfungia mkanda kama mtoto. Na wewe utadhani Anselmi alijuta. Alijuta, ndiyo, baadaye, kwa vipande. Lakini pale mlangoni, wakati pikapu inarudi kinyumenyume na watoto wa shule wanaikimbilia wakiimba jina la Castory, kilichompanda kifuani ni kilekile: huyu hata akifukuzwa anafukuzwa kwa kushikwa mkono. Mimi nani atanishika?

Siku ya tatu alimfuata Semeni mferejini.

"Ulijua," akamwambia.

"Nilijua nini?"

"Dada, usinifanye mtoto. Ulijua sina shamba."

Semeni akaweka ndoo chini. "Nilijua tangu siku ya kwanza nilipokusikia unajisifu. Nikasema, maskini, huyu katolewa kwa jogoo. Mluguru gani asingejua?"

"Ukaniacha niaibike!"

"Kwani wewe ulimwacha Castory?" Akasokota kanga kuwa kata ya kichwani. "Nalala jikoni kwa mjukuu mwaka wa nne, kaka, miguu iko kwenye mafiga. Umefungua mlango mwenyewe, mimi nikapita. Nitwishe ndoo."

Na Anselmi akamtwisha. Angefanyaje?

Bi Prisca hata hivyo alikuwa mwanamke wa haki. Lile jambo la jogoo lilimkaa kichwani; mtu akitunga uongo, akajisemea, hatungi jogoo. Akatafuta namba ya mwenyekiti wa kijiji kule Tegetero, akapiga, akaambiwa kila kitu mpaka rangi ya jogoo. Akaja mwenyewe kwa Anselmi kuomba radhi. Lakini Semeni alikuwa ameshapewa ahadi mbele ya mkutano, na ahadi ya mkutano hairudi.

"Nimekuandika wa kwanza kwenye wanaosubiri," Bi Prisca akasema. "Chumba kikipatikana tu, ni chako."

"Kitapatikanaje?"

Bi Prisca akakohoa. "Mzee, wale ni wazee. Mtu anaweza akaitwa na watoto. Au... Mungu ana mipango yake."

Nyumba ikabomolewa. Anselmi akapata banda la kuwekea mkaa huko juu zaidi, karibu na mto, mlango wa bati, choo cha kuomba kwa jirani. Miche akaihamisha kwa toroli. Vile vyumba saba vikaisha kabla ya masika, vimepakwa rangi ya maziwa, kila kimoja na kibaraza chake, mikangazi inavikinga na jua la mchana. Kivuli walikifaidi wao.

Sasa kila asubuhi, akimaliza kumwagilia, Anselmi anashuka Kambini na fimbo yake. Anaanza chumba cha kwanza, kwa mzee asiyeweza hata kutembea. Anapiga hodi, anasalimia, anauliza usiku ulikuwaje, kifua vipi, presha imepimwa lini, chakula kinapita? Anasikiliza kwa makini kuliko daktari. Akiambiwa mtu amekohoa, anakaa kidogo. Akiambiwa mtu amelala fofofo, anaaga upesi. Vijana wa mpira wamemzoea, wanasema huyu babu ana upendo, kila siku anawatembelea wenzake.

Chumba cha saba anakiacha mwisho. Juzi alimkuta Bibi Semeni barazani, amenyoosha miguu, anakula kitumbua. Siku hizi mama wa vitumbua anamwachia viwili.

"Umeamkaje, dada?"

"Salama."

"Naona kama umepungua."

Semeni akatafuna taratibu, akameza, akajifuta mafuta kwenye kanga. "Kaka Anselmi," akasema, "mama yangu alifika miaka tisini na sita. Bibi yangu mia na ushee. Karibu kitumbua."

Akakichukua. Akakila amesimama.